Radi ya Mwezi wa Sita

Vijana wangu wa zamu,

Mliniaga kwa keki, soda na hotuba ndefu kuliko zamu ya Jumapili, nami nawashukuru. Wakati keki inakatwa, mmoja wenu aliniuliza huku anatafuna, "Mama Perpetua, hivi nchi nzima inakatwaje kwenye intaneti? Nasoma habari, leo nchi hii imepotea hewani, kesho ile. Nani anafanya hivyo?" Nilimjibu kwamba anayefanya ni mtu kama yeye, mwenye funguo za chumba cha mitambo. Watu wakacheka, muziki ukawashwa. Lakini sikuwa natania. Niliwahi kuambiwa niikate Rukwa nzima, na ilibaki kidogo tu niikate. Jambo hilo nimelibeba zaidi ya miaka ishirini bila kumwambia mtu, na kwa kuwa sasa hakuna wa kunipangia zamu, nimekaa hapa Kizwite na chai yangu, nalitua.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mshahara ulikuwa ule ule mnaoulalamikia ninyi, ila wa kwetu ulikuja na basi, na mabasi ya enzi hizo mmesimuliwa yalivyokuwa.

Niliingia kazini miaka ya ruksa, maduka yalipoanza tena kujaa sabuni na vitenge. Nilikuwa nimetoka shule ya masista huko karibu na Kaengesa, najua kuandika vizuri na kunyamaza vizuri, na mambo hayo mawili yalinitosha kupewa uopereta wa simu hapa Sumbawanga. Ubao wa simu ulikuwa na matundu mengi na nyaya zenye vichwa vya shaba. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kijifuniko kilidondoka mbele yangu, nami nilichomeka waya na kumuuliza anamtaka nani. Aliyetaka kuongea na Dar es Salaam alijiandikisha asubuhi, akakaa kwenye benchi akisubiri zamu yake, na waliokuwa wazoefu walikuja na viazi vyao vya kuchemsha. Ndani ya mwezi mmoja nilizijua sauti za mji mzima, na nikajua nani amenuniana na shemeji yake. Hayo pia nayaruka.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Nestori, mtu wa Kirando. Alikuwa amezaliwa kwenye joto la ziwani, akapandishwa huku juu kwenye baridi ya Ufipa kwa barua ya uhamisho, na hakuwahi kuisamehe barua ile. Alivaa koti zito la sufu mwaka mzima, hata Oktoba watu wanapojipepea kwa magazeti. Siku yangu ya kwanza alinikuta mlangoni mwa chumba cha mitambo nimechungulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, unaogopa umeme?"

Nilitaka kumfurahisha. "Siogopi, mzee."

"Basi rudi nyumbani ukaogope kwanza. Uje kesho."

Nilirudi kesho yake nikamwambia naogopa sana. Akaniruhusu kuingia, akanionyesha mahali pa kuweka miguu.

Mitambo ya kujiunganisha yenyewe ilipoletwa, maopereta tukawa hatuna tena kazi ya kutosha. Wenzangu walihamishiwa kaunta. Mimi Mzee Nestori aliniomba kwa mkuu wa kituo. Sikuwepo, lakini nilisimuliwa kwamba sababu aliyotoa ilikuwa moja tu, kwamba "huyu anasikiliza." Ndivyo nilivyoingia chumba cha mitambo, mwanamke peke yangu, na kwa muda mrefu wageni waliofika walinipa kikombe wakidhani mimi ndiye wa chai.

Nilianza na betri. Zilikuwa chumba kizima, zimepangwa kwenye rafu, na kazi yangu ilikuwa kuziongezea maji ya betri na kupima kila moja kabla ya saa tatu asubuhi. Asidi ilinitoboa vitenge vitatu kabla sijajifunza kuvaa aproni ya mpira. Nilipewa koleo, mita ya kupimia umeme, na bisibisi ambayo mzee mwenyewe alikuwa ameizungushia mpira wa baiskeli kwenye mpini. Aliniambia kwamba fundi anayeazima bisibisi huazima pia makosa ya mwenye bisibisi. Sijui kama ni kweli, lakini sikuwahi kuazima.

Sasa shikeni hili, maana ndilo jibu la lile swali la kwenye keki. Simu zote za kutoka mkoani kwenda nje, ziwe za Nkasi, za mjini au za Mpanda ambayo wakati ule ilikuwa bado kwetu, ziliingia katika chumba kile. Humo zilipita kwenye mtambo mmoja wa redio, zikapanda mnara mmoja, zikarushwa kutoka kilima hadi kilima mpaka Mbeya. Mlango ulikuwa mmoja. Nchi nayo iko hivyo hivyo. Waya ziko maelfu mitaani na majumbani, lakini milango ya kutokea nje ni michache sana, na watu wanaosimama kwenye milango hiyo wanaweza kukaa wote kwenye chumba kimoja wakanywa chai. Anayetaka kuikata nchi hapiti nyumba kwa nyumba. Anawapigia simu wale wa milangoni.

Mlango wetu ulikuwa na adui mmoja mkubwa, naye ni radi. Kila Mtanzania anaujua utani wa radi ya Sumbawanga, na nimekwenda kozi Dar es Salaam na Morogoro nikiulizwa na kila mtu kama nimekuja nayo kwenye begi. Sisi kazini hatukuwa na nafasi ya utani. Radi ikipiga mnara, inashuka na kuunguza kadi za mtambo, na kadi mpya ilitoka Dar kwa wiki kadhaa, barabara ikiruhusu. Kwa hiyo palikuwa na taratibu: wingu la radi likisogea, fundi anazima swichi kubwa na kuchomoa waya wa mnara, mkoa unakaa kimya nusu saa au saa nzima, wingu likipita anarudisha. Hii ndiyo sababu pekee iliyomruhusu fundi kukata kwanza na kueleza baadaye. Kwa jambo lingine lolote ilikuwa lazima uombe ruhusa Mbeya. Kwa radi uliandika kwenye kitabu cha zamu saa na neno moja, "radi", ukamaliza.

Mwaka wangu wa pili humo chumbani nililitumia neno hilo vibaya. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, mvua inakaribia lakini haijaanza. Mzee Nestori alikuwa ametoka kutafuta dizeli. Mlinzi alichungulia dirishani akasema, "Dada, wingu jeusi hilo, upande wa Mbizi, linakuja kwa kasi." Nilikuwa naongeza maji ya betri, mikono yote imejaa. Sikutoka nje. Nilizima, nikachomoa, nikaandika "radi", nikarudi kwenye betri zangu nikijiona fundi hodari.

Mzee alirudi saa nane mchana. Alisimama mlangoni akanusa.

"Perpetua, radi yako inanukia majani."

Ulikuwa moshi. Watu walikuwa wanachoma nyasi milimani huko Mbizi, upepo ukauleta, na mimi nikaukatia mkoa mzima simu kuanzia saa nne. Mzee hakunigombeza. Alirudisha waya, akawasha swichi, akanipeleka kaunta akanisimamisha pale. "Kila atakayekuja kulalamika, mweleze wewe. Na mweleze kama ilivyokuwa." Nikaeleza mpaka ofisi inafungwa. Wengi walicheka, wakanibandika jina la Dada Moshi, na jina hilo lilinifuata sokoni karibu miaka miwili. Mmoja hakucheka. Alikuwa mzee aliyejiandikisha tangu asubuhi kuongea na mwanawe Dar, wakubaliane siku ya kumzika mama mzazi wa kijana huyo. Kijana alisubiri huko, simu haikuingia, akaondoka. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Basi, mwanangu," akachukua kofia yake. Afadhali angenitukana.

Kesho yake Mzee Nestori alikaa na rula na kalamu nyekundu. Kwenye kila ukurasa wa kitabu cha zamu alichora safu mbili mpya. Ya kwanza aliandika juu yake: Wingu limetoka upande gani. Ya pili: Aliyeliona kwa macho. Akanifundisha kwamba jina la mlinzi haliandikwi hapo, wala la mpita njia. Fundi anatoka nje, analiona, anaandika la kwake. Hakuomba ruhusa ya mtu. Vitabu vipya vilipoletwa kutoka makao makuu bila safu zile, alizichora upya, ukurasa kwa ukurasa, siku nzima, amevaa koti lake. Mkaguzi mmoja aliwahi kuuliza kama hayo ni mambo ya mila za kwetu. Mzee alimjibu kwamba ndiyo.

Miaka ikaenda. Lile soko huria tulilolisikia redioni likatufikia na sisi: mashamba ya umma yakauzwa, mashirika yakagawanywa, na neno "kupunguzwa" likaingia ofisini likakaa. Kila baada ya miezi kadhaa orodha ilishuka, na mtu uliyekunywa naye chai jana leo anakabidhi kabati. Mzee Nestori alistaafu kabla hawajamfikia, akarudi Kirando kwenye joto lake, akaniachia koleo, vitabu na funguo.

Ndipo intaneti ikaja, na haikuja kwetu, ilikwenda kwa Hafidhi. Mnaijua familia yao, ya maduka na malori, tangu enzi za babu yao. Hafidhi alikuwa kijana mwenye kiherehere kizuri. Nyuma ya duka la vitenge la mama yake, mkabala kabisa na ofisi yetu, aliweka kompyuta mbili, printa na modemu moja iliyokuwa ikilia kama jogoo mwenye mafua kila inapounganishwa. Simu ya dukani ndiyo iliyobeba intaneti, ikaingia kwetu, ikatoka kwa mlango wetu ule ule mmoja. Vijana walikuja kuuliza, "Mambo, mshikaji, mtandao upo?" naye anajibu, "Poa, upo, ila umesinzia."

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Hafidhi alivuka barabara akaja kunichukua. "Dada Perpetua, njoo mara moja. Kuna mama hapa, nataka umsikilize wewe unayejua mitambo, umwambie ukweli kama itawezekana."

Mama mwenyewe aliitwa Milembe. Alikuwa Msukuma, mrefu, amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Familia yake na nyingine kadhaa walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini miaka mingi nyuma, wakakaa bondeni ng'ambo ya Muze, pembezoni mwa shamba la zamani la umma. Sasa shamba lilikuwa limepata mnunuzi, na watu wa mnunuzi walisema pale walipokaa ni ndani ya mipaka. Walikuwa wamepewa siku: Jumamosi alfajiri malori yangekuja kubeba vyombo vya watu na ng'ombe wangeswagwa watoke. Kina Milembe walikuwa wamechanga wakapata wakili Mbeya. Mahakama ilikubali kutoa zuio, lakini karatasi ingepigwa muhuri Ijumaa asubuhi, basi la kuja Sumbawanga likiwa limeshaondoka. La Jumamosi lingefika jioni, mambo yameisha. Wakili akasema ataipiga picha karatasi, aitume kwa kompyuta ya Hafidhi, na nakala hiyo itatosha kuyasimamisha malori mpaka halisi ije. Lori la kina Hafidhi lingeteremka Muze Ijumaa mchana, na Milembe ndani.

"Kwani huko Muze si mna simu ya upepo?" niliuliza, maana kina Hafidhi walikuwa na redio hiyo ya kuongelea dukani na nyingine ghalani kwao kule. "Si mtasomewa tu?"

"Dada," alisema Milembe, "wale hawasikii maneno. Maneno tumesema mpaka tumechoka. Wanaogopa muhuri."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa nawapenda wafugaji. Ng'ombe wa watu kama yeye waliwahi kumaliza mahindi ya kaka yangu kwa asubuhi moja, na nyumbani tulikuwa tunawasema vibaya kila Krismasi. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakukasirika. Alisema, "Ni kweli, ng'ombe hajui mpaka. Lakini mimi nimezalia pale wanne. Nyuma tulikotoka hakuna majani, mbele ni Ziwa Rukwa. Tukitolewa kesho kutwa, tunakwenda wapi, dada?" Nilimwambia mtambo uko salama, mwezi wa sita hauna radi, karatasi yake itapita.

Ijumaa kama saa nne asubuhi simu ya mezani kwangu ililia. Mkuu wa kituo alikuwa safarini Mpanda, nilikuwa peke yangu.

"Wewe ndiye wa mitambo?" Sauti nzito ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaongea na ofisi kubwa. Sikiliza, mama. Zima hiyo redio yenu sasa hivi, mpaka kesho jioni."

"Kuna matengenezo, mzee? Sijapata barua."

"Hakuna barua. Kuna watu wa shamba wana kazi yao kesho huko bondeni, na hatutaki makaratasi ya kuja kuwavuruga. Ukiulizwa, andika radi."

"Radi, mzee?"

"Si Sumbawanga hiyo? Nani atashangaa?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na mama, orodha ya kupunguzwa iko hapa mbele yangu. Jina lako nimeliona. Linaweza kubaki, linaweza kufutwa. Umenielewa?"

Nilimwambia asubiri. Niliulaza mkono wa simu mezani, nikaenda chumba cha mitambo.

Hapa ndipo ninapotaka mnisome vizuri, kwa sababu kwenye sherehe mlinisifu kwa ujasiri, na mimi sikuwa na ujasiri wowote. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na nyumba hii ya Kizwite wakati ule ilikuwa kuta tu. Nilifungua kitabu cha zamu nikaandika tarehe. Nikaandika saa. Nikaandika "Radi", kwa mwandiko mzuri. Mkono wa kushoto ulikuwa tayari juu ya swichi. Milembe nilimkumbuka, ndiyo, na nikajiambia kwamba wakili atajua la kufanya, kwamba mimi si mahakama, na maneno mengine ya namna hiyo ambayo mtu hujiambia anapotaka kula kona.

Kisha kalamu ikafika kwenye safu nyekundu. Wingu limetoka upande gani. Miguu yangu ikatoka nje yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile.

Kulikuwa na jua kali na upepo wa baridi. Nilitazama upande wa Mbizi, peupe. Nikageuka upande wa ziwa, peupe. Upande wa Laela, peupe, hata moshi hakuna. Jirani ng'ambo ya ua alikuwa anapiga ulezi wake kwa fimbo juu ya mkeka, akanipungia mkono. Nilisimama pale na sweta langu, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya siku ile. Nilirudi ndani, nikapiga mstari juu ya neno "Radi", nikaenda kuchukua simu. Alikuwa bado yupo.

"Mzee, kitabu kinauliza wingu limetoka upande gani."

"Kinauliza nini?"

"Upande. Mbizi, ziwani au Laela."

"Andika wowote!"

"Haya, Mbizi. Halafu kinataka jina la aliyeliona kwa macho. Mimi nimetoka nje sasa hivi, sijaliona. Umeliona wewe. Niandike jina lako nani, mzee?"

Nilisikia anavuta pumzi. "Mama, unanifanyia mchezo?"

"Hapana, mzee. Kitabu kinakwenda kukaguliwa Mbeya kila mwisho wa mwezi, safu ikiwa tupu wananiuliza mimi. Nitajie taratibu tu, nitaliandika vizuri."

Simu ikakatika upande wake. Sikuwahi kujua alikuwa nani, wala kama kweli alikuwa na orodha, wala kama alikuwa wa shirika letu au mtu tu aliyepewa namba. Nilichojua ni kwamba mtu aliyetaka mkoa mzima unyamaze hakuwa tayari kuandikwa jina lake kwenye kitabu.

Nilifunga chumba cha mitambo, nikaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yangu, nikamwomba wa kaunta aangalie simu, nikavuka barabara.

Dukani palikuwa patashika. Karatasi ilikuwa kurasa tatu, na picha yake ilishuka kwenye kioo mstari kwa mstari, kwa mwendo wa mtu anayeteremka mlima na mzigo. Kurasa mbili zilikuwa zimeingia. Ya tatu, yenye muhuri chini, ilikuwa imefika nusu nilipoingia, na hapo hapo ikakatika. Hafidhi alishika kichwa.

"Dada, umezima?"

"Sijazima!" Niligusa ufunguo kwenye pindo langu kama vile nao ungeweza kutoroka.

Kutoka nyumba ya nyuma ikaja sauti ya mama yake. "Hafidhi! Hii simu mbona inapiga makelele?"

Alikuwa ameinua simu ya chumbani, iliyokuwa kwenye laini ile ile. Hafidhi alikimbia nyuma, nikamsikia akibembeleza, "Mama, nilikuomba usiiguse mpaka adhuhuri," na mama akijibu kwamba hakuwa anaigusa, alikuwa anatazama tu kama imeharibika. Mimi niliyekuwa nimemshinda yule wa ofisi kubwa, nilikaribia kushindwa na mama yake Hafidhi. Tulicheka baadaye, si wakati ule. Modemu ikalia tena. Ukurasa wa tatu ukaanza upya kutoka juu.

Milembe hakusogea. Alikuwa anakitazama kioo bila kupepesa, na nadhani alikuwa hajawahi kuona kompyuta kabla ya jana yake. Nje lori lilikuwa linaunguruma, dereva ameshapiga honi mara mbili. Mistari ikashuka, ikashuka, kisha ukatokea ukingo wa duara, nusu duara, duara zima na sahihi katikati.

"Ndio huo?" aliuliza Milembe.

"Ndio huo, mama."

Hafidhi akachapisha. Nilimsomea maneno yale taratibu, kwamba wasiondolewe wao wala mifugo yao mpaka shauri lisikilizwe. Aliniomba nirudie. Niliporudia alikiweka kidole kwenye muhuri, akazikunja kurasa kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga tumboni ndani ya kitenge, akapanda lori bila kuaga. Alikuwa sahihi, kuaga kungechukua muda.

Mtauliza kuhusu orodha. Ilishuka miezi kadhaa baadaye, ndefu kuliko zote, na jina langu halikuwemo. Sijui kama aliyepiga simu alisahau, au aliogopa, au hakuwa na kalamu ya kufuta wala kubakiza. Mkaguzi wa Mbeya aliukuta mstari wangu uliokatwa, akauliza ni nini. Nilimwambia nilidhani ni radi, nikatoka nje nikaona si radi. Akasaini chini yake. Kitabu hicho sijui kiko wapi sasa.

Ninyi mnakata kwa kubofya, na anayebofya anaweza kuwa mji mwingine kabisa, hajui kama huku kuna jua au mvua. Siwezi kuwaambia mchore wapi safu zenu kwenye mashine hizo. Zichoreni tu, mahali ambapo mkono lazima upite kabla haujafika kwenye swichi, kwa sababu siku ile ikifika hamtakuwa watu bora kuliko mlivyo leo. Mimi sikuwa.

Narudi kwenye Jumamosi ile. Nilikuwa mapumziko, lakini saa moja asubuhi nilikuwa dukani kwa Hafidhi, mbele ya simu yao ya upepo. Nilikuwa sijalala vizuri wala sijala. Ghala la Muze halikuitika. Saa mbili kimya. Saa tatu sauti ya karani wao ikatokea, ikapotea kwenye mikwaruzo, Hafidhi akazungusha kitufe mpaka akaona aibu kuzungusha. Mama yake aliniletea uji, nikaushika tu mkononi. Nilikuwa nawaza kwamba muhuri wa kuchapishwa kwa wino mweusi si muhuri, kwamba watauchana, kwamba nilipaswa kumwambia asubiri halisi.

Ilikaribia saa nne ndipo karani akasikika vizuri. "Hafidhi, kuna mama hapa, ametembea kutoka bondeni. Anamtaka dada wa mitambo. Anasema hataki kuongea na mwingine."

Hafidhi alinipa kipaza sauti akanionyesha kitufe: bonyeza useme, achia usikie. Nilibonyeza nikauliza kama wako salama, kama malori yalikuja, kama waliisoma, kama waliukubali muhuri, nikauliza yote kwa mkupuo, kisha nikakumbuka kuachia. Palikuwa na mikwaruzo tu. Nikamsikia karani akimwelekeza mahali pa kubonyeza. Nikasikia pumzi yake, karibu kabisa, kisha akaongea kwa sauti ya juu, kama watu wanavyoita ng'ambo ya mto.

"Dada! Leo asubuhi tumekamua ng'ombe palepale kwetu."